Kutembea na Wageni Kando ya Umba

Kazi yangu ilikuwa kutembea na watu kando ya maji. Ukiisema hivyo haionekani kuwa kazi, na mama yangu mzazi, mpaka anafariki, aliwaambia majirani zetu wa Mlalo kwamba mimi ni mpishi. Sikumkatalia. Kweli nilianza kwa kupika, na nyinyi waongozaji mnaozishika njia hizi sasa mjue kwamba mgeni aliyeshiba huusamehe mlima.

Nilikuwa jikoni katika nyumba ya wageni kule Rangwi, msichana wa kumenya viazi na kuchemsha maji ya kuoga. Asubuhi moja akaingia Mzee Hasani. Nilimfahamu kwa macho tu: mwongoza wageni kutoka Lushoto, mrefu, koti la mvua limemfika magotini, kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Zamani aliwabebea vifaa watu wa misitu walipokuwa wakipima mipaka ya hifadhi, na kwa kazi hiyo alikanyaga milima yetu karibu yote.

Nilimwamkia, akaitikia, kisha akatazama mikono yangu.

"Binti, mpishi wangu ameshikwa na homa. Wageni wako nje. Unaweza kupika kwa mafiga matatu huku mvua inanyesha?"

"Kupika naweza, mzee. Hilo la mvua sijalijaribu."

"La mvua utajifunza njiani," akasema, akatoka kwenda kuniombea ruhusa.

Siku ile ya kwanza niliunguza wali. Niliuunguza vibaya, mpaka wageni wakadhani ndiyo mapishi ya Kishambaa, mmoja akaomba aandikiwe namna ya kuupika. Mzee Hasani alikula sahani yake yote. Kesho yake asubuhi akaniamsha mapema, akanionyesha jinsi ya kuinua sufuria kwa jiwe dogo ili moto upate pumzi. Hivyo ndivyo alivyofundisha. Kwanza alikula ulichopika, na masahihisho yakafuata baadaye.

Njia yetu kubwa ilikuwa ya kuufuata mto Umba. Ilianzia kwenye ukingo wa msitu wa Shagayu, ambako Umba bado si mto bali ni vijito vyembamba vinavyopita chini ya mizizi, baridi ya kuumiza meno. Ikateremka hadi bonde la Mlalo, lenye zile nyumba za zamani za udongo zenye ghorofa na roshani za mbao, zilizopandana mlimani kama watu waliokuja kutazama mpira. Hapo tuliwasimulia wageni habari za Wakilindi, ukoo uliowatawala Washambaa, na za wamisionari wa Kijerumani waliokuja na kengele. Kisha mto unajitupa korongoni, nasi tunashuka nao, hadi Mng'aro chini kwenye joto, mahali milima inapokatika ghafla na nyika kuanza. Vile vilima vya mbali upande wa kaskazini ni Kenya. Mababu zetu waliitazama nyika hiyo kwa wasiwasi, maana misafara, wavamizi wa ng'ombe na hatimaye majeshi ya Wajerumani na Waingereza vyote vilikuja kupitia huko. Asubuhi unavaa sweta mbili, na ukifika chini unatafuta kivuli cha mgunga. Nimeiteremka njia hiyo maisha yangu yote na sijaichoka. Wako watu wanaosafiri mbali kutafuta nchi nzuri. Mimi nilizaliwa katikati yake, na hilo silihesabu kuwa akili yangu.

Mzee Hasani alinifundisha kutembea nyuma. Wanaoanza kazi wote wanataka kutangulia, wanyooshe kidole na kutaja majina ya ndege. Yeye alisema anayetangulia anaiona njia, lakini anayebaki nyuma ndiye anayewaona watu. Kwa nyuma unamjua nani kiatu kinambana, nani amegombana na mkewe, nani anaona aibu kusema amechoka. Akanifundisha pia kuusikiliza mto kabla ya kuuvuka. Maji yakigeuka rangi, simama. Yakianza kuleta majani mabichi, rudi nyuma. Ukisikia mawe yanagongana chini kwa chini, kama watu wanaosogeza meza kwenye chumba cha jirani, basi huo mto si wako siku hiyo, hata kama mgeni ana ndege ya kuwahi.

Hakuwa malaika. Alijivuna kwa ile kofia yake, na aliwaogopa ng'ombe, jambo la ajabu kwa mtu aliyewahi kukutana na chui. Tukiona ng'ombe njiani ananiachia mimi mazungumzo. Yeye Mwislamu, mimi Mlutheri, na ilitufaa. Akisali, mimi ninakaa na wageni. Jumapili nikiingia ibadani Mlalo, yeye anawapeleka sokoni, anawatembeza kwenye mapeasi na kabichi kama mtu anayeonyesha mali yake.

Tuliwahi kupata mgeni aliyeteleza korongoni, mguu ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Mwanamke mnene, mwalimu kutoka Ujerumani, mpole sana. Nilipuliza filimbi. Kabla sijatulia, wanaume walianza kuteremka kutoka mashambani, majembe wameyaacha palepale. Walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakamweka. Walimbeba kwa zamu hadi hospitali, wakipokezana pasipo kumtua, na kila waliyempita njiani alimpa pole kwa Kishambaa, naye akawa anaitikia kwa Kijerumani. Alipotaka kuwashukuru walikuwa wamekwisha kurudi kwenye majembe yao. Alilia kwa hilo kuliko alivyolilia mguu.

Mzee Hasani alipofariki nilikuwa nimekwisha kuwa mwongozaji kwa miaka mingi. Vijana walikuwa wameacha kuniita Dada Naomi, wananiita Mama. Tulimzika siku ya ukungu mzito, na watu wa misikitini na makanisani walipanda pamoja. Nilidhani nimekwisha kujifunza yote uliyokuwa nayo mto ule. Kisha akaja Bi Mwanakombo.

Siku moja simu ilipigwa ofisini kwa chama chetu cha waongozaji kule Lushoto, kutoka Kenya. Aliyepiga ni msichana, jina lake Saumu. Aliniambia yeye na bibi yake, Bi Mwanakombo, wanatoka upande wa Vanga, pwani, ambako Umba unaingia baharini. Kikundi chao cha wanawake kinalima mpunga kwa maji ya mto huo. Wanataka kuja kuona unakotoka.

Nilizoea wageni kutoka mbali. Hawa walitoka mwisho wa mto wetu wenyewe, nami sikuwahi kufikiria kwamba mto ule una mwisho wenye watu. Kwangu ulikuwa unaingia nyikani, basi.

Walikuja wanne, wamepitia Horohoro na Tanga, na niliwapokea Mombo. Bi Mwanakombo alikuwa mwembamba, mweusi wa jua, ndala miguuni na leso mbili mabegani. Niliinama nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye mto?"

"Hapana, bibi. Mimi naonyesha tu."

"Nionyeshe mwenyewe basi. Nina maneno naye."

Saumu alinivuta pembeni akanieleza. Masika mbili zilizopita, mto ulifurika ukaingia kijijini mchana kweupe, kwao mvua haijanyesha hata tone. Ulichukua shamba la mpunga la bibi. Ulimchukua na dada yake mdogo, aliyekuwa amerudi ndani kuokoa mbuzi. Tangu hapo bibi hakutaka lolote ila kupanda mpaka aone ni nani anayewatendea hivyo.

Nilimtafutia buti na sweta. Sweta alikubali. Kwa kuwa alitaka kuufuata mto kama unavyopandwa, si kama unavyoshuka, tulichukua gari hadi Mng'aro tukaanza chini. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliiona njia hiyo kinyume, na nikashangaa kwamba ni nzuri zaidi: milima inakujia mbele ya uso, na kila ukigeuka nyuma nyika imezidi kuwa pana. Bi Mwanakombo hakuwahi kuona mlima kwa karibu. Alisimama mara nyingi, mikono kiunoni, akautazama kimya. Nilidhani amechoka. Mara moja nikamwuliza kama tupumzike.

"Sijachoka," alisema. "Nautazama. Mtu akija kugombana kwa watu, kwanza anatazama nyumba ilivyo."

Korongoni ilitubidi tuvuke. Jua lilikuwa kali, maji yako chini ya goti, meupe. Nilitazama rangi, nikatazama majani, nikasikiliza. Sikuona kitu. Nilitangulia, nikaingia mguu mmoja, nikamnyooshea mkono.

Hakuja. Alikuwa ameinua pua.

"Toka," alisema.

"Bibi, maji ni machache."

"Toka, mwanangu. Yanakuja. Nanusa udongo."

Sikunusa kitu. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayeogopa. Ilikuwa ya mtu anayetambua. Nikatoka. Tukapanda juu ya mwamba wote, na tulipokuwa bado tunapanda ndipo nikayasikia yale mawe. Maji yalizunguka kona yakiwa rangi ya chai ya maziwa, yamebeba migomba mizima na mizizi yake, mbao, na kabichi, kabichi nyingi ajabu, zinaruka ruka kama vichwa vya watoto wanaoogelea. Pale niliposimama mwanzo hapakuonekana tena.

Nilimfikiria Mzee Hasani, na jinsi alivyokuwa akisema mto una mengi zaidi ya masikio yetu. Bi Mwanakombo alikaa kwenye mwamba, ameshika mkono wa Saumu, machozi yanamtoka polepole.

"Ndiye huyu," alisema. "Ndiye yuleyule."

Maji yalipopungua tuliendelea kwa njia ya juu, na kesho yake tukafika kwenye mashamba yaliyo juu ya Mlalo. Mvua iliyoleta yale maji ilikuwa imenyesha huko. Tulimkuta mkulima mmoja niliyemfahamu, Baba Eliya, amesimama kando ya mto. Alikuwa amelima kabichi mpaka kwenye ukingo wenyewe, kama walivyolima wengi, na nusu ya shamba ilikuwa imekatika. Palibaki ukuta wa udongo mwekundu, mbichi kama jeraha.

Nilijua hapo ndipo yale maneno aliyoyabeba toka pwani yatakapotua. Nikajisogeza karibu, niwe tayari kuamua ugomvi.

Walisalimiana. Baba Eliya aliuliza mgeni ametoka wapi, nikamwambia: mto unakoishia. Bi Mwanakombo aliinama, akachukua udongo wa ule ukuta, akausugua kwa vidole.

"Huu naujua," alisema. "Udongo wako uko kwangu. Umelala juu ya mpunga wangu."

Baba Eliya aliutazama ule ukuta. "Basi mama, wewe una shamba langu, mimi sina."

"Na wewe una dada yangu," alisema Bi Mwanakombo.

Saumu akaanza kueleza, taratibu, kwa adabu. Baba Eliya alivua kofia. Alikaa chini kwenye matuta yake, na bibi naye akakaa, nasi wengine tukakaa.

"Mama, nisikudanganye," alisema hatimaye. "Najua ukingo haulimwi. Tumeambiwa. Lakini shamba hili tuligawana ndugu watano, na huku juu ni mwamba. Nikiuacha ukingo, watoto watakula nini?"

"Wangu nao walikula nini?"

"Sijui, mama."

"Basi na mimi sijui wako watakula nini. Lakini sasa tumeonana."

Hakumsamehe kwa maneno, naye Baba Eliya hakuahidi kitu. Mkewe alileta viazi vya kuchemsha na chai, tukala palepale kando ya mto. Nimeongoza mabalozi na maprofesa katika njia ile, lakini sijawahi kuona mazungumzo yenye heshima kama yale ya watu wawili ambao kila mmoja alikuwa na haki ya kumchukia mwenzake.

Tulifika Shagayu siku iliyofuata. Nilimpeleka mahali ambapo maji yanatoka chini ya mzizi, kijito cha upana wa kiganja. Bi Mwanakombo alivua ndala akasimama hapo, sweta imemfika magotini. Nilisubiri yale maneno. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Mdogo hivi?" aliniuliza.

"Mdogo hivyo, bibi."

Alicheka kidogo, akalia, akanawa uso. Baadaye, tukiwa tunateremka, aliniambia jambo ambalo nililibeba mpaka mwisho wa kazi yangu. "Mvua ikinyesha kwenu, sisi hatujui. Kwetu jua linawaka, watoto wako mtoni. Hatuna ugomvi na maji, Naomi. Tunataka kupigiwa hodi tu."

Nikamwambia nitapiga hodi mimi.

Tangu siku hiyo kila mvua kubwa ilipopiga Mlalo au Shagayu nilimpigia Saumu, naye akampa bibi simu. Mara nyingi mto uliishia nyikani ukanyonywa na mchanga, bibi akanitania kwamba nimemhamishia kuku wake bure. Niliendelea kupiga. Kisha ikaja masika moja ambayo wakulima wetu bado wanaitaja. Ilinyesha toka alfajiri, barabara ya Mlalo ikakatika, mtandao ukapotea. Mchana nilifunga nailoni kichwani nikapanda mlima nyuma ya kanisa, ambako simu hushika. Njiani nilimkuta Baba Eliya naye anapanda, simu yake ameifunga kwenye mfuko wa chumvi. Hatukuulizana. Yangu haikushika. Yake ilishika, na namba ya Saumu alikuwa nayo tangu siku ile ya viazi.

"Mama," nilimsikia akipaza sauti kwenye upepo, "ni mimi, wa kabichi. Ondokeni. Safari hii ondokeni kweli."

Mto ulifika kwao kesho yake. Saumu alinipigia siku ya tatu. Nyumba zilikuwa zimekwenda, ya bibi pia. Aliomba nisubiri, kisha nikasikia sauti ya Bi Mwanakombo mwenyewe, imekauka.

"Watu wote tupo, mwanangu. Hata mbuzi wapo."

Baba Eliya ameacha ukingo sasa, amepanda matete na miti ya mvule na migrevilea. Majirani walimcheka, kisha wawili watatu wakafuata, wengine bado wanacheka. Sitawadanganya kwamba bonde zima limebadilika. Lakini ninyi wenzangu mmekubali kuiendeleza ile kazi ya hodi, kwa zamu, nami nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa Kiingereza chenu kizuri.

Nilipostaafu, chama kilinifanyia sherehe ndogo, pakawa na wali ambao safari hii haukuungua kwa sababu hawakuniruhusu kuupika. Wiki zilizofuata sikujua la kufanya na miguu yangu. Mwisho nikapanda basi la Tanga, nikavuka mpaka, nikaenda kwa Bi Mwanakombo.

Amezeeka sana, lakini ana nyumba mpya, juu zaidi. Alinipokea kwa samaki na wali wa mpunga wake mwenyewe. Kesho yake asubuhi akanipeleka mtoni. Sikuutambua. Ulikuwa mpana, mzito, rangi ya kahawia, unatembea pole kati ya mikoko kama mtu mzima anayetoka shambani. Mkwe wake alisogeza mtumbwi. Mimi ni mtu wa milimani. Niliingia kwa kushika kila kitu.

"Kaa katikati," aliniamuru Bi Mwanakombo, yeye akakaa nyuma yangu. "Usisimame. Tazama mbele, mimi nitakutazama wewe."

Tulishuka. Alinionyesha mashamba ya mpunga, mabaki ya ukuta wa nyumba yake ya zamani, na mahali walipomkuta dada yake maji yalipopungua. Hapo mkwe aliinua kasia, mtumbwi ukaenda na maji wenyewe. Ndege weupe walikuwa wengi kwenye mikoko, jua la asubuhi linapita katikati ya majani, na mimi nilijikuta nafikiria jinsi nilivyowasimulia wageni mto huu kwa maisha yangu yote huku sijui hata nusu yake.

Mbele kidogo Bi Mwanakombo aliinama, akateka maji kiganjani, akaniletea mdomoni kama mtu anayemlisha mtoto.

"Onja."

Yalikuwa ya uvuguvugu, yana ladha ya matope na majani.

"Hayo bado ya kwenu," alisema.

Mkwe alipiga kasia mara kadhaa. Mikoko ilifunguka, upepo ukabadilika. Akateka tena, akanipa. Nikaonja, nikakunja uso. Chumvi.

"Basi, Naomi," alisema, akijifuta mkono kwenye leso. "Kazi yako imeishia hapo. Turudi tukale."